Rafu ya Waandishi wa Huku Kwetu: shajara ya kazi, Kisumu 2025

Shajara hii ya kukusanya vitabu vya waandishi wa huku kwetu kwenye rafu moja naiweka ili mtu akitaka kufanya kazi kama hii Kakamega, Busia au Nakuru asirudie makosa yetu. Atafanya yake. Pesa ni shilingi za Kenya, na nimeandika hata zile zilizopotea.

11 Januari: Tulivyoanza

Chanzo ni swali la mtoto. Msichana wa sekondari alikuja kwenye duka langu la fotokopi hapa Manyatta kutoa nakala ya kurasa chache za The River and the Source. Mashine ikiwa inanguruma akaniuliza, "Mama, huyu Margaret Ogola ni wa Nigeria, si ndiyo?"

Nikazima mashine. Margaret Ogola ni wa Asembo, hapo tu mbele ya Kisian, matatu moja. Alikuwa daktari wa watoto, akaandika riwaya hiyo akiwa na kazi ya hospitali na watoto wake mwenyewe nyumbani, ikatoka 1994, na 1995 ikashinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Msichana akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mwanamke anayemuuzia mboga kila siku ni shangazi yake.

Jioni nilimsimulia Mwalimu, jirani yangu aliyestaafu baada ya miaka mingi ya kufundisha fasihi. Alicheka, kisha akasema tatizo si mtoto. "Tumemfundisha kujibu maswali ya kitabu, hatukumwambia nani alikiandika."

Tukawa watu 12. Kila mmoja ametoa 1,500, jumla 18,000. Kanisa limetupa upande mmoja wa chumba chake cha mikutano. Tunataka rafu moja ya vitabu vya waandishi waliozaliwa, walioishi au waliofanya kazi kati ya Nakuru na Busia, na juu yake kadi ya kila mwandishi, kwa Kiswahili, ya kusomwa na mtu akiwa amesimama.

Orodha ya kwanza ina majina 10: Grace Ogot, Asenath Bole Odaga, Margaret Ogola, Francis Imbuga wa Vihiga, Ken Walibora mzaliwa wa Bungoma, Bethwell Ogot, Paul Mboya aliyeandika Luo Kitgi gi Timbegi mwaka 1938, Okot p'Bitek (ni Mwacholi wa Uganda, ila alifanya kazi hapa Kisumu na 1968 akaandaa tamasha la sanaa mjini), na wawili wa Nakuru, Henry ole Kulet na Binyavanga Wainaina. Jina la 11 tumegombana juu yake, nitalieleza likiamuliwa.

1 Februari: Barua iliyokaa kwenye flashi

Profesa Bethwell Allan Ogot amefariki juzi, tarehe 30 Januari.

Tulikuwa tumemwandikia barua. Niliichapa tarehe 20, ikabaki kwenye flashi yangu nikimngoja Mwalimu aisahihishe. Mwalimu naye alikuwa akiningoja mimi nimpelekee. Duka langu na mlango wake ni hatua arobaini.

Swali letu lilikuwa moja. Grace Ogot, mkewe, alipoamua kuandika kwa Kijaluo, vitabu vyake Ber Wat na Aloo kod Apul-Apul vya 1981 na Simbi Nyaima cha 1983 vilitolewa hapahapa Kisumu na Anyange Press. Tulitaka kumuuliza zilipigwa nakala ngapi na zilikwenda wapi. Mtu wa kujibu alikuwa yeye, naye alikuwa na miaka 95.

Tumebadilisha mpango. Kwanza tunawaendea wazee, vitabu vya sokoni vitafuata. Na hakuna barua inayongoja kusahihishwa zaidi ya usiku mmoja, hata kama ina koma mahali pasipofaa.

23 Februari: Kibuye

Jumapili, soko hili la hapa Kisumu limefurika. Tumenunua vitabu 23 kwa 4,150. Bei ya chini 50, ya juu 400. Kijana wetu wa chuo ndiye aliyekuwa akipunguza bei. Mimi nikionekana na miwani bei inapanda.

Tulichojifunza sokoni kinastahili nafasi. Kwenye gunia moja tulikuta nakala tisa za Betrayal in the City ya Imbuga. Kidagaa Kimemwozea ya Walibora zilikuwa nyingi kuliko viatu vya mtumba vilivyokuwa pembeni. Blossoms of the Savannah ya ole Kulet nazo tele. Lakini Siku Njema, riwaya iliyomtambulisha Walibora mwaka 1996, tulipata moja, na Land Without Thunder ya Grace Ogot tulipata moja isiyo na jalada, 80. Cha Kijaluo hata kimoja hatukupata. Nilimuuliza muuzaji kwa nini, hakuinua hata uso: "Mama, vya Kijaluo havifanyi mtihani."

Ndivyo ilivyo. Kitabu kikiwekwa kwenye mtaala, kila mwaka wanafunzi wanakimaliza na kukiuza, soko linajaa. Kisipotahiniwa kinabaki nyumbani kwa aliyekinunua, na akifa kinawashia jiko. Kwa hiyo mtu anayekusanya kutoka sokoni peke yake atadhani mwandishi aliandika kitabu kimoja tu, kile cha mtihani.

Kosa la siku: nilitia namba za orodha kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukurasa wa kwanza wa kila kitabu. Wino ulipenya hadi ukurasa wa nne. Vitabu sita vimeharibika hivyo kabla Mwalimu hajanipokonya kalamu. Namba huandikwa kwa penseli laini, ndogo, pembeni chini, ndani ya jalada la nyuma.

8 Machi: Gem

Tumekwenda Gem, huko Siaya, watatu, nauli na soda 1,450. Tuliambiwa kuna bibi mmoja ambaye marehemu mumewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mpenzi wa vitabu. Kweli. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati, ndani leso, ndani ya leso Simbi Nyaima cha Grace Ogot na kitabu cha Asenath Odaga cha masimulizi ya Nyamgondho wuod Ombare, yule mvuvi maskini aliyenasa mwanamke wavuni ziwani, akatajirika, kisha ulimi wake ukamponza.

Kijana wetu, kwa haraka ya ujana, akasema, "Dani, tutakupa elfu moja kwa vyote viwili."

Bibi alifunga leso. Alimimina chai, akatuuliza habari za mvua ya Kisumu, akatuuliza wazazi wetu ni wa wapi, na kwa nusu saa nzima hakuna aliyethubutu kutaja kitabu. Mwalimu ndiye aliyetuokoa. Alimuuliza marehemu alikuwa akifundisha darasa la ngapi. Bibi akafungua leso tena.

"Nyathina," akaniambia mimi, hakumwambia kijana, "hivi haviuzwi. Nitakuazima. Virudi kabla hatujavuna mahindi."

Tumeandika karatasi mbili, moja yake moja yetu: jina la kitabu, hali yake (pembe ya jalada imeliwa, kurasa zote zipo), tarehe ya kurudisha. Mtu akiuliza kifaa muhimu zaidi katika kazi hii ni kipi, nitasema ni hiyo karatasi ya pili inayobaki na mwenye kitabu.

22 Machi: Kadi, na aibu yangu

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo tulipopoteza pesa bila mvua wala mchwa kuhusika.

Niliandika kadi kwa simu usiku, nikinyofoa habari huku na huko mtandaoni. Duka langu halina printa ya rangi, kwa hiyo nilipeleka kazi mjini: kadi 10 za ukubwa wa A3 kwa 100 kila moja, na laminesheni 100 kila moja. Elfu mbili. Nilizipanga mezani kwa Mwalimu kwa fahari kama mama wa bwana harusi.

Mwalimu alivaa miwani. "Mama Fotokopi, Grace Ogot alitunga lini kitabu kinachoitwa Miaka?"

Simu ilikuwa imesahihisha Miaha ikawa Miaka. Miaha ni Kijaluo, maana yake bi harusi mgeni nyumbani kwa mumewe. Simu yangu haijui Kijaluo, na mimi niliyekijua sikusoma tena. Kisha akaendelea na kidole chake:

Tarehe ya Miaha niliandika 1989. Huo ni mwaka wa tafsiri ya Kiingereza, The Strange Bride, iliyofanywa na Okoth Okombo. Cha Kijaluo kilitoka 1983. Yaani nilikuwa nimemfanya mwandishi aliyechagua lugha ya mama yake aonekane ametafsiriwa mwaka uleule alioandika.

Betrayal in the City niliipa mwaka wa nakala iliyokuwa mkononi mwangu, ambayo ni chapa ya baadaye. Tamthilia ilitoka 1976, na mwaka uliofuata ikaonyeshwa Lagos kwenye FESTAC, tamasha kubwa la sanaa za watu weusi wa dunia nzima. Kwa mwaka nilioandika mimi, Wakenya wangekuwa wamecheza Lagos mchezo ambao haujaandikwa.

Na Margaret Ogola nilimpa Tuzo ya Caine, ile ya uandishi wa Afrika, 1995. Tuzo hiyo ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2000. Aliyoshinda 1995, mbali na ile ya Jomo Kenyatta, ni ya waandishi wa Jumuiya ya Madola, kitabu bora cha kwanza kwa Afrika. Wa Caine kwenye orodha yetu ni Binyavanga, 2002.

Laminesheni haifutiki. Kadi zote 10 zimekwenda kuwa mikeka ya kuwekea sufuria nyumbani kwangu, na kila nikipakua ugali nasoma Miaka.

Tulivyorekebisha: hakuna mwaka unaoingia kwenye kadi mpaka mtu ameufungua ukurasa wa hakimiliki wa kitabu chenyewe na kuusoma wote, si mstari wa juu peke yake. Chapa ya kwanza huandikwa pale, na chapa zilizofuata, na kama ni tafsiri jina la asili. Kitabu kisipokuwepo, watu wawili wanatafuta kila mmoja kivyake na majibu yalinganishwe. Simu imezimwa usahihishaji wa maneno. Na kadi sasa zinaingizwa kwenye mfuko wa plastiki wa shilingi 20, unatoa, unabadilisha, unarudisha.

5 Aprili: Jina la 11

Jina lenyewe ni Marjorie Oludhe Macgoye. Alizaliwa Southampton, Uingereza, 1928, akaja Kenya 1954 kwa kazi ya kuuza vitabu vya misheni, 1960 akaolewa na mwanamume Mjaluo, akawa raia, akaandika hadi uzee. Alifariki 2015, mwaka uleule wa Grace Ogot.

Mwalimu hataki. Hoja yake si chuki, naiandika kama alivyotaka iandikwe: rafu ni ya waandishi Waafrika na weusi, nafasi ni chache, na waliofungiwa milango na wachapishaji hawakuwa watu wa Southampton. Kijana wetu akajibu kwamba mwenyewe alijiita Nyarloka, aliyetoka ng'ambo, na 1977 akatoa kitabu cha mashairi chenye jina hilo, kwa hiyo hakudanganya mtu. Mama mmoja wa kikundi, asiyesoma riwaya, akasema shairi la Atieno alilikariri shuleni na hadi leo akimwona mtoto wa kazi za nyumbani hulikumbuka. Alikuwa hajui ni la Macgoye.

Mimi nilipiga kura ya ndiyo kwa ajili ya riwaya yake Coming to Birth. Yule binti Paulina anayetoka huku kwetu na kushuka garimoshi Nairobi wakati wa hali ya hatari, nimewahi kumwona, ni mama yangu mkubwa. Kura: saba ndiyo, nne hapana, mmoja alikuwa amelala. Kadi yake itaanza na Southampton, bila kuficha.

26 Aprili: Mvua

Dari la kanisa lilivuja usiku wa Jumatano, juu kabisa ya makatoni yetu. Vitabu 11 vililowa. Vya bibi wa Gem vilikuwa nyumbani kwangu kwenye ndoo yenye kifuniko, na Mungu ashukuriwe kwa ndoo.

Tuliyoyafanya vibaya kwanza. Tulivianika juani. Kufika saa nane majalada yalikuwa yamejikunja kama majani ya migomba, na Riana ya Asenath Odaga ilipauka upande mmoja. Kisha dada mmoja akapiga pasi kurasa za kitabu chenye karatasi za kung'aa. Ziligandana na kuwa tofali. Hicho tumekipoteza. Na mimi, nikiamini natibu, nilibandika selotepu kwenye uti wa Land Without Thunder. Mwalimu amenionyesha vitabu vyake vya miaka ya sabini: selotepu imegeuka kahawia, imekauka na kuanguka, lakini doa lake limebaki, na karatasi chini yake imekuwa ngumu kama ngozi.

Kilichofaa ni hiki. Kivulini, penye upepo, kitabu kikisimama wima na kurasa zimetanuliwa kidogo. Tishu nyeupe kila baada ya kurasa kumi, zibadilishwe zikilowa. Kikikaribia kukauka, kilazwe kati ya mbao mbili na mawe juu kwa siku tatu au nne. Penye kuvu, kitabu kitengwe kwenye mfuko wake, kikikauka kabisa kifutwe nje kwa brashi laini na wewe umeziba pua. Selotepu niliitoa kwa hewa ya moto ya saluni, kidogo kidogo, nusu saa kwa urefu wa kidole. Pa kubandika tumetumia uji mwepesi wa unga wa ngano uliopikwa na kuchujwa, na vipande vya karatasi nyembamba isiyo na rangi. Ukitaka kuutoa baadaye, maji yanautoa.

Vitabu vitatu vya Kibuye vilikuwa na vijidudu vinavyotoboa karatasi. Tulivifunga kwenye mifuko miwili miwili na kuviweka wiki mbili kwenye friza ya dada anayeuza samaki Dunga. Vijidudu vimekufa. Siku Njema ilikuwa na tundu kwenye mfuko, imerudi inanuka mbuta. Inasomeka.

Gharama: kuziba dari 900, tishu 450, unga 120. Jumla 1,470.

17 Mei: Nilivyotaka kuvunja sheria nikiwa na nia njema

Mimi nina mashine ya fotokopi. Nina kitabu cha Kijaluo kisichopatikana sokoni. Unadhani wazo langu lilikuwa lipi? Nakala kumi za Simbi Nyaima, kila shule ya jirani moja. Nilikuwa nimeshatoa kurasa 12 kijana wetu aliponiuliza kama nina ruhusa.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda kitabu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Grace Ogot alifariki Machi 2015. Kwa hiyo mpaka mwisho wa 2065 kitabu kina wenyewe, kiwe kinapatikana dukani au la. Nilichemka nikasema basi kitakufa kikingoja 2065. Mwalimu akasema kitakufa kweli, ila si kazi yangu kukiua mara mbili, kwa kumnyima mwandishi na kwa kukifanya kionekane cha bure. Pia tulikuwa tumewaza kumrekodi mtu akikisoma chote na kugawa sauti kwa simu. Ni yaleyale.

Kurasa 12 nimezichana. Tumeandika barua kuomba ruhusa, na safari hii imetumwa siku hiyohiyo. Wakati tukingoja, tumeandika maelezo kamili ya kitabu kwa maneno yetu: ukubwa, kurasa, mchapishaji, mwaka, kinahusu nini. Na kisa chenyewe cha Simbi Nyaima, kijiji kilichomnyima bibi kizee hifadhi kikazama na kuwa ziwa karibu na Kendu Bay, si cha mwandishi mmoja. Hicho tunawarekodi wazee wakikisimulia kwa njia yao. Tuna masimulizi manne tayari na hayalingani: katika moja bibi alinyimwa pombe, katika lingine alikuwa na vidonda na watu wakaziba pua.

31 Mei: Ngũgĩ

Tarehe 28 Ngũgĩ wa Thiong'o amefariki Marekani. Duka langu lilijaa watu wanaotaka picha yake ichapwe, na watatu wakauliza kama yumo kwenye rafu.

Limuru si Kisumu, nikasema. Mwalimu akasema tumweke mwezi mmoja, kama mgeni. Hoja yake imenishinda: Ngũgĩ na Grace Ogot wote walikuwa Makerere Juni 1962 kwenye mkutano wa waandishi Waafrika wanaoandika kwa Kiingereza, pamoja na Achebe, Soyinka, na Langston Hughes aliyetoka Marekani. Kisha Ngũgĩ akaandika Caitaani Mũtharaba-inĩ kwa Kikuyu kwenye karatasi za chooni akiwa gereza la Kamiti, ikatoka 1980. Mwaka uliofuata Ber Wat ikatoka Kisumu kwa Kijaluo. Cha Ngũgĩ dunia nzima inakijua. Cha Grace tumekitafuta miezi mitano na bado hatujakishika.

Tumeweka Shetani Msalabani, tafsiri ya Kiswahili. Imeazimwa siku ileile.

28 Juni: Rafu

Mbao 6,400, fundi 3,000, vanishi 850. Rafu imesimama kiganja kimoja mbali na ukuta ili hewa ipite, miguu yake ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya gari kwa ajili ya mchwa. Vanishi ilihitaji siku kumi kuisha harufu, tuliipa nne, majalada mawili yakanata. Kadi 11 zimechapwa upya pamoja na mifuko yake, 1,320.

19 Julai: Kufungua

Watu 60 hivi, na mvua haikunyesha. Tulisoma dondoo fupi fupi, tukaigiza kipande cha Imbuga, na watoto walifurahi kuambiwa kwamba Kafira, nchi ya tamthilia ile, ni Afrika iliyochanganywa herufi. Waliisambaratisha Kisumu papo hapo ikawa Musuki.

Swali bora lilitoka kwa mvulana wa darasa la saba aliyekuwa akitembea kadi hadi kadi akihesabu. Kwa nini watatu wana 1966? Ni kweli: The Promised Land ya Grace Ogot, Song of Lawino ya Okot p'Bitek na Jande's Ambition ya Asenath Odaga. Sisi tuliozipanga hatukuwa tumeona. Mwalimu alimweleza kwamba 1965 ilianzishwa East African Publishing House Nairobi, na ndiyo iliyotoa vyote vitatu. "Kwa hiyo walikuwepo tayari, wakingoja mashine?" mtoto akauliza. Mwalimu alivua miwani akaifuta.

Kikapu kilipita, kikarudi na 2,500.

Msichana wa swali la Nigeria alikuja na rafiki zake wanne. Nilimsikia akiwaelekeza Asembo iko wapi, akanyoosha mkono upande wa Ahero. Sijui kama nitamrekebisha kwa kadi au kwa matatu.

23 Agosti: Kurudisha, na hesabu

Mahindi ya Gem yameanza kuvunwa. Tumevirudisha vitabu vyote viwili, pembe iliyoliwa imezibwa kwa karatasi na uji wa ngano. Bibi alivigeuza, akanusa (alikuwa amesikia habari za samaki), akachukua karatasi yake ya mkopo na yetu akazichana zote mbili. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo Mwalimu alimsomea Nyamgondho kuanzia mwanzo pale chini ya mti. Katikati alimsimamisha mara mbili kusema wao Gem hawasimulii hivyo. Kijana alikuwa na simu ya kurekodi; tumepata simulizi la tano, ingawa si la Simbi.

Alipokuwa akituaga alisema kuna mjane mwingine, Vihiga, ambaye nyumba yake ina makaratasi ya maigizo ya shule ya miaka ya sabini.

Hesabu mpaka leo: vitabu 4,150, kadi zilizoharibika 2,000, kadi nzuri 1,320, nauli za safari zote 2,600, rafu 10,250, mvua 1,470. Jumla 21,790. Michango 18,000 na kikapu 2,500. Duka langu linadai 1,290, na nimeambiwa nidai polepole.

Barua ya ruhusa haijajibiwa. Tutaandika tena Jumatatu. Vihiga ni Jumamosi ijayo, tukutane stendi saa mbili asubuhi, kila mtu na nauli yake ya kwenda na kurudi. Kijana abebe karatasi za mkopo mbili mbili, penseli, na asitaje pesa mpaka chai imenyweka.